Mke Wangu, Karavani na Mashahidi Wawili

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike kuazima kwa jirani. Nitamweleza mwenyewe, tena kwa ufupi, maana aibu hii hairefushwi kwa raha.

Naitwa Musallam, mzaliwa wa Tabora, mkazi wa Ibra huku Oman, mkubwa kidogo katika ofisi moja ya serikali. Nilinunua karavani, gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, kwa Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu Badriya likizo ya pwani, sisi wawili tu, tangu mtoto wetu Luay aende kusoma Maskati. Siku niliyoileta nyumbani, karavani ilikwama getini, nusu ndani, nusu barabarani. Badriya akacheka. Alicheka mbele ya majirani mpaka akashikilia ukuta.

Majirani walipoondoka nikamwambia, "Umeachika. Talaka moja."

Kwa kicheko tu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na mimi ulimi wangu haujawahi kuvaa viatu.

Talaka moja ina mlango wa kurudi. Maadamu mwanamke yumo edani, muda wake wa kungoja baada ya talaka, mume anaweza kumrejea, na wala hahitaji kumwomba ruhusa. Lakini katika madhehebu yetu sisi Maibadhi kuna sharti. Lazima urejee mbele ya mashahidi wawili, watu wazima waungwana, na kabla ya hapo usimguse mke. Ukimgusa kabla, wanazuoni wetu wanasema amekuharamikia milele. Hapo hakuna utani.

Basi nilichokihitaji ni wanaume wawili. Ibra imejaa wanaume. Taabu ni kwamba kila mwanamume wa Ibra ana mke, na kila mke ana simu.

Badriya alinipa njia nyepesi tangu siku ya kwanza. Nenda kwa mdogo wangu Thani dukani kwake, akasema, mwambie umeniacha na unataka kunirejea, mchukue yeye na imamu, mambo yatakwisha kabla ya Isha.

Nikasema hasha. Thani, shemegi yangu, ana duka la vipuri vya magari na ananipa shikamoo kila akinikuta, hata tukikutana mara tatu kwa siku. Mwaka uliopita alitaka kumwacha mkewe, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo mzima nikamhutubia juu ya subira. Nilimwambia mwanamume anayeacha mke kwa hasira ni mtoto mwenye ndevu. Watu walinisifu sana siku ile. Sasa niende nikamwambie nini?

Nikapata akili ya peke yangu. Tutakwenda likizo yetu kama tulivyopanga. Huko pwani, mbali na Ibra, nitapata wanaume wawili wasionijua, nitamrejea mke wangu mbele yao, na tutarudi nyumbani kama hapakutokea kitu. Mwanamke aliye edani hatoki nyumbani, hilo nalijua. Lakini karavani ni nyumba, nikamwambia Badriya, ina choo.

Alinitazama, kisha akasema, "Haya."

Likizo yangu ilichelewa kutoka, mkubwa wangu ana roho mbaya. Sikujali. Eda ya talaka ni miezi mitatu, kila mtu anajua, na mimi nilikuwa nikiitazama kalenda ya ofisini kila asubuhi. Tulipoondoka Ibra mwezi wa tatu ulikuwa bado una siku zake.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita: mimi nimeshika usukani, njia inaelekea Kamil, na yeye amekaa nyuma.

Amekaa nyuma na amefunga pazia. Mholanzi alitundika pazia la maua kati ya viti vya mbele na vitanda, nadhani kwa ajili ya jua. Badriya alilibana kwa pini. Humo ndani alivaa abaya na mtandio, amejifunika mpaka kidevuni, kana kwamba yumo kwenye basi la watu. Chai alinipa kwa kupitisha kikombe chini ya pazia.

Zamani aliniita Baba Luay. Sasa aliniita akhi, yaani ndugu yangu.

"Chai yako, akhi."

"Badriya, acha mambo hayo. Mimi mumeo."

"Ulikuwa," akasema. "Ukipata mashahidi utakuwa tena. Kunywa, inapoa."

Usiku nililala kwenye kiti cha dereva. Mholanzi yule alikuwa mfupi, na kiti chake ni kifupi. Shingo yangu ikakauka, ikawa nikitaka kutazama kushoto nageuka mwili mzima.

Tulipofika bonde la Wadi Bani Khalid nilidhani nimepata. Kando ya maji, kivulini, walikuwa wamekaa wazee wawili wenye ndevu nzuri na kanzu safi, wanakunywa kahawa. Nikajisemea hawa ndio. Nikateremka, nikasalimu, wakanikaribisha.

Nilisahau nchi ninayoishi. Oman hukai na mtu ukanywa kahawa yake bila kuulizana habari. Watoka wapi, mwana wa nani, kabila gani, mvua imenyesha wapi, nani kafariki, nani kaoa. Kabla sijatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka walikuwa wamekwisha kujua nyumba yangu ilipo. Mmoja wao, aitwaye Marhoun, akapiga paja.

"Ibra? Basi wamjua Thani wa vipuri. Kaniuzia redieta."

Nikasema namjua kidogo.

"Kesho nashuka Ibra," Marhoun akasema. "Nitamwambia nimekunywa kahawa na wewe. Na wewe ulikuwa na haja gani, mwanangu?"

Nikamwambia nilitaka kujua kama maji yale yanafaa kuogelea.

Badriya aliniuliza kama nimewapata. Nikamjibu hawafai. Akauliza wana kasoro gani, nami nikasema wanamjua Thani. Nilingoja acheke. Hakucheka. Tangu siku ile ya geti hakuwahi kucheka tena mbele yangu, na hilo liliniuma kuliko shingo.

Mjini Sur nikabadilisha mbinu. Kama kuulizwa jina ndiko kunakoniharibia, basi nitatoa jina jingine. Baada ya sala ya alasiri niliwavizia wawili mlangoni mwa msikiti, mwalimu wa Kurani na mwenye duka la nyavu. Niliwaambia mimi mtu wa Samail, nikajibandika jina la mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Nikawaeleza haja yangu kwa unyenyekevu. Wakanihurumia. Mwalimu alinishika mkono mpaka kwenye karavani, ananipa pole njia nzima.

Tukasimama nje ya mlango. Badriya yumo ndani nyuma ya pazia lake. Nikaanza kusema maneno yenyewe, na kabla sijafika kwenye jina lake sauti ikatoka.

"Samahani, masheikh. Anayerejewa ni mke wa nani?"

Mwalimu akasema ni mke wa bwana huyu.

"Na bwana huyu anaitwa nani?"

Mwalimu akalitaja jina langu la Samail.

"Basi si mie," Badriya akasema. "Mume aliyeniacha mie anaitwa Musallam, na kwao Ibra."

Sitaki kukuelezeni macho ya mwalimu yule. Aliniachia mkono kama mtu aliyeshika kitu akakuta kina moto.

"Umetutoa msikitini kuja kushuhudia uwongo," akaniambia. Mwenzake alitema mate karibu na tairi, wakaenda zao.

Niliingia karavani nikiwa nimewaka. Nilimwambia kwamba ameniaibisha, kwamba alikuwa na nafasi ya kunyamaza, kwamba mambo yangekuwa yamekwisha na leo tungekula samaki pamoja kama watu. Aliningoja nimalize. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani, akafungua pini, akalisogeza pazia kidogo, akatoa mkono. Mkononi alikuwa ameshika simu yangu.

"Nimeshaitafuta namba ya Thani," akasema. "Bado kubonyeza tu. Mwambie neno moja, atakuja leo hii na mtu wa pili."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Nilimhutubia mbele ya watu."

"Kwa hivyo bora nikupotee mie kuliko kupotea hotuba yako."

"Hupotei. Mwezi haujesha. Kawia ufike."

"Mficha uchi hazai, Musallam." Aliniita kwa jina, si akhi. "Nakupa simu. Nakwambia piga. Nikesha kurejesha pazia hili sitakwambia tena."

Niliichukua simu. Nilitazama jina la Thani kwenye kioo mpaka taa ikazima, nikaitia mfukoni. Badriya akafunga pazia, nikasikia pini inaingia. Niseme kweli yangu hapa, nilidhani nimeshinda.

Asubuhi yake tulishika njia ya Rasil Hadd. Badriya alikuwa mchangamfu. Alipika mandazi humo humo ndani ya gari, akanipitishia mawili ya moto chini ya pazia. Nikajisemea hasira zimeshuka. Nikaanza kuimba.

Kabla ya kufika kijijini nikaona mbele yangu pikapu nyeupe yenye antena ndefu upande wa kushoto. Mwenye pikapu kama ile ni bwana tunayefanya naye kazi, mdomo wake haukai na kitu. Kama akiniona atasimama, na akisimama atataka kumsalimia mama, na akimkuta mama nyuma ya pazia na mtandio mpaka kidevuni atauliza. Nikakata usukani, nikaingia njia ya mchanga inayoshuka ufukweni.

Pikapu ilipita. Dereva alikuwa Mhindi, simjui.

Karavani ilizama mpaka kwenye mlango. Nilichimba kwa sufuria, halafu kwa mikono. Badriya alishuka na mkoba wake, akakaa juu ya jiwe, akatazama bahari. Kila nikikanyaga mafuta gari linajizika zaidi. Wasomaji wangu, nililia. Nililia kichwa kikiwa chini ya gari ili asinione.

Walionitoa ni mzee Khattab na kijana wake Khalaf, mtu mzima mwenye watoto wake. Walikuja na Landkruza na kamba. Mzee Khattab alikulia Unguja mjini, mtaa wa Malindi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimepigwa pasi. Alipotusikia tunagombana kwa lugha ile alifurahi kama aliyeokota pete. Hakutuuliza, alitupeleka nyumbani kwake moja kwa moja. Badriya akaingia kwa wanawake, mimi nikaketishwa barazani, nikaletewa maji ya kunawa.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana nilikuwa sijampa kwa ajili ya mchanga.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nambie. Weye mtu wa wapi, na kitu gani kilichokutia mchangani na njia ya lami ipo?"

Nilichoka. Nilikuwa nimechoka kutazama upande mmoja, kulala nimekaa, kuitwa ndugu na mke wangu. Nikamwambia. Jina langu la kweli, kabila langu, Ibra, geti, kicheko, talaka, Thani, hotuba, mzee wa redieta, mwalimu wa Sur. Sikubakisha. Khalaf alikuwa anamimina kahawa, akasahau kumimina.

Nilipomaliza nikaona kifua chepesi. Ajabu, wala haikuuma. Nilikuwa nimekimbia dawa pwani nzima, na kumbe haikuwa chungu hata kidogo.

Mzee Khattab akasema mimi mjinga, lakini mjinga aliyesema kweli, na yeye na Khalaf watashuhudia. Akapiga kelele ndani wamlete Badriya nyuma ya pazia la mlango. Tukasikia wanawake wanasogea. Mzee akaniambia niseme.

Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama. Nikasema, "Nishuhudieni kwamba mimi Musallam nimemrejea mke wangu Badriya kwa haki zake zote."

Nilisema vizuri. Mzee akasema tumeshuhudia, Khalaf akasema tumeshuhudia. Nikataka kukumbatia mtu.

"Umechelewa, akhi," Badriya akasema.

Nikauliza nimechelewa nini.

"Nishatoka edani."

Nikacheka. Ndiyo, mara hii nilicheka mimi. Nikamwambia mzee kwamba huyu ananitania, mwezi wa tatu bado haujesha, nimeutazama kwenye kalenda kila siku.

Mzee Khattab hakucheka. Alikuwa ananitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyekuja na jino akiwa ameoza taya.

"Nani kakwambia miezi?" akaniuliza. "Miezi mitatu ni eda ya mwanamke asiyeona siku zake tena. Anayeziona eda yake ni siku zake mara tatu, zije upesi, zije polepole. Hukusoma?"

"Watu wote wanasema miezi mitatu," nikasema.

"Watu wote hawakumwacha mkeo. Weye ndiye uliyemwacha."

Nikageukia pazia. Na hapa ulimi ule ule, wasomaji wangu, ulinitoka tena. Nikasema, "Lakini Badriya, wewe kwa umri wako, mimi nilidhani..."

Khalaf akainamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ndani mwanamke mmoja akaguna.

"Malizia," Badriya akasema. "Ulidhani nishakatika hedhi. Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja na hujui. Ulinihesabu pamoja na mamaako."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza. Jana pale Sur nilikuwa bado edani. Nilikutia simu mkononi, namba nishaitafuta mie mwenyewe. Ukaitia mfukoni. Alfajiri nimeoga, nimesali, nikakupikia mandazi. Yale yalikuwa ya kuagana."

Nilimwita mwongo. Nilisema amejitungia, nikasema hakuna eda iliyokwisha alfajiri wala alasiri, nikasema mengine ambayo mhariri hatayachapa. Mzee Khattab akainua kidole.

"Neno la mwanamke katika eda yake linapokewa. Hakuna mwingine mwenye kulijua. Bibi, waapa?"

"Wallahi naapa," akasema Badriya, kwa sauti ya mtu anayekubali kikombe cha maji.

"Imekwisha," mzee akasema. "Na weye ukimwita mwongo tena humu ndani utatoka humu ndani."

Nilikaa chini. Khalaf akanisogezea tende, nadhani kwa huruma, lakini sikuweza kutafuna. Mtu niliyekuja naye, niliyezaa naye, alikuwa nyuma ya kitambaa cha mlango na mimi sina haki hata ya kukifunua. Mzee alinieleza pole pole, kama unavyomweleza mgonjwa. Huyu si mkeo tena. Hapandi gari lako, maana mtakuwa wawili peke yenu na wewe ni mgeni kwake. Unaweza kumposa upya, kwa ndoa mpya na mahari mapya, akikubali yeye na akiozesha walii wake, mwanamume wa kwao mwenye haki hiyo.

"Walii wake nani?" akaniuliza.

"Thani," nikasema.

Mzee aliuma mdomo. Hata yeye alimwonea huruma Musallam wa Tabora.

Nikatoa simu mfukoni. Nilisema nitampigia sasa hivi, nitamwambia kila kitu, sijali tena. Nilikuwa nimeamua. Ndipo Badriya akasema kutoka ndani kwamba nisipoteze salio. Yeye alikuwa amekwisha kumpigia Thani alfajiri kwa simu yake mwenyewe, mara baada ya kuoga. Anajua yote. Yuko njiani, na nyumba hii ameshaelekezwa.

Alifika baada ya alasiri. Siku zote Thani akiniona huniinamia, shikamoo shemegi. Siku ile alinipa mkono, akasema salaam aleikum, akakaa upande wa mzee Khattab.

Nilingoja aniulize juu ya mtoto mwenye ndevu. Ningekuwa mimi ningeuliza. Hakuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikunywa kahawa yake, akatikisa kikombe, akasema, "Nasikia una haja kwetu."

Nikasema nina haja. Nikasema namtaka dada yake kwa ndoa mpya na kwa mahari atakayoyataja mwenyewe.

"Ungenijia dukani ningefunga duka," Thani akasema. "Ningekuletea mashahidi kumi, na nisingemwambia hata mke wangu. Hukunijua, Musallam. Ulinihutubia lakini hukunijua."

 Akaendelea kusema kwamba yeye hana kinyongo, atamwozesha dada yake kama mwenyewe ataka. Akageukia pazia, akauliza, "Dada, umesikia. Wasemaje?"

Kimya.

Nikangoja. Kimya tena. Kuku alipita uani, wanawake hawakumfukuza. Moyo wangu ukaanza kupanda, maana mimi nimehudhuria ndoa nyingi na najua kimya cha bibi harusi maana yake nini. Nikamwambia mzee Khattab kwa furaha kwamba amenyamaza, basi ameridhia.

"Kimya ni cha mwanamwali," mzee akasema. "Mwanamke aliyekwisha kuolewa husema kwa mdomo wake. Mpaka aseme, huna kitu."

Basi tukangoja aseme, wanaume watatu wazima na mimi, tumekodolea macho kitambaa. Nilimwomba Mungu. Niliahidi mambo mengi. Niliahidi kuiuza karavani, na ulimi wangu niliahidi kuutia kufuli.

"Sitamjibu hapa," Badriya akasema hatimaye. "Aliniacha nyumbani, akanikimbiza nchi nzima asije akajulikana. Kumjibu hapa ni kumsaidia kujificha. Ijumaa baada ya sala, aje sablani."

Sabla ni ukumbi wa ukoo wetu pale Ibra, wanaume wote hukusanyika hapo. Ndipo nilipotoa hotuba yangu.

"Asimame pale pale aliposimama," Badriya akaendelea. "Aseme aliniacha, na aseme kwa sababu gani. Kicheko akitaje, na geti alitaje, na miezi yake mitatu aitaje. Kisha aniombe. Nitakuwa chumba cha pili na wanawake, nitamsikia, na nitamjibu."

"Utamjibu nini?" Thani akamuuliza.

"Atasikia huko huko, pamoja na wenzake."

Nikamwomba angalau aniambie kama kuna matumaini. Nilimwita Mama Luay. Alinyamaza, na mara hii nilijua kimya chake hakina maana yoyote.

Tuliondoka Rasil Hadd magari mawili. Badriya alikaa kwenye gari la mdogo wake, mimi nyuma yao na karavani tupu, vyombo vinagongana jikoni. Pazia la maua lilikuwa wazi. Pini alikuwa ameichukua.

Kila tulipopita kituo cha petroli nilimwona Thani ana simu sikioni. Tulipofika Kamil simu yangu nayo ikalia. Alikuwa imamu wa msikiti wetu. Alinipa pole ya safari, akaniuliza afya, akaniuliza mvua, kisha akaniuliza kama Ijumaa nitahitaji kipaza sauti.